Namna ya Kununua Miaka Uliyokwisha Kuiishi

Mwongozo huu ni wako wewe uliyebeba boksi Leicester au kuogesha wazee Slough kwa miaka minane, tisa, kisha ukarudi Tanga na kontena moja, friji mbili na namba ya Bima ya Taifa ya Uingereza: herufi mbili, tarakimu sita, na herufi moja ya mwisho ambayo hakuna aliyewahi kukueleza kazi yake.

Kila wiki uliyolipwa mshahara wa kutosha, mchango wa bima hiyo ulikatwa kabla hujauona. Ulipoondoka makato yalikoma, na rekodi yako ikaanza kuota mapengo. Serikali ya Uingereza, kwa wema wake, inakuruhusu uyazibe mapengo hayo kwa fedha zako mwenyewe, kwa hiari, ukiwa umekaa barazani kwako. Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Usijue

Hii ndiyo hatua nyepesi kuliko zote, na wengi huimaliza bila msaada. Siku unaondoka Heathrow watakupima uzito wa mizigo hadi gramu ya mwisho, lakini hakuna atakayekugusa bega akuambie kwamba pensheni ya serikali iliyoanza Aprili 2016 inataka miaka 35 ya michango ili uipate kamili, na angalau miaka 10 ili upate chochote. Mwenye miaka tisa anapata sifuri. Miezi yake ya NSSF haimsaidii: miezi ya Tanga na miaka ya Slough haijumlishwi pamoja, kila upande unahesabu ya kwake.

Endelea kutojua mpaka nywele zianze kubadilika. Hapo ndipo mpwa wako aliyeko Milton Keynes atakapopiga simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Mjomba, ile miaka yako ya Slough, umewahi kuangalia pensheni yake?”

“Pensheni ya wapi tena? Mimi kule nilikuwa nabeba boksi tu.”

“Ndiyo hiyohiyo, mjomba. Walikuwa wanakukata.”

Hatua ya 2: Piga hesabu, kisha usiiamini

Kwa Mtanzania aliyepitia ule mjadala wa kikokotoo mwaka 2018, maneno “hesabu ya pensheni” yenyewe yanaleta kizunguzungu. Kunywa maji kwanza.

Katika mwaka wa kodi wa 2025/26, pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Igawe kwa 35: kila mwaka mmoja wa michango una thamani ya kama pauni 6.58 kwa wiki, yaani takriban pauni 342 kwa mwaka, hadi siku ya kufa. Sasa tazama bei. Mchango wa hiari wa Daraja la 3 ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, kama pauni 923 kwa mwaka mzima. Wa Daraja la 2 ulikuwa pauni 3.50 kwa wiki, yaani pauni 182. Anayelipa Daraja la 3 anarudishiwa fedha yake kabla miaka mitatu ya kustaafu haijaisha. Wa Daraja la 2, kabla ya miezi saba.

Umekaa vizuri? Mchukue yule wa miaka tisa. Akinunua mwaka mmoja tu wa kumi kwa pauni 923, mlango mzima unafunguka: anapata chini kidogo ya theluthi ya pensheni kamili, kama pauni 65.79 kwa wiki, zaidi ya pauni 3,400 kila mwaka. Mweleze jambo hili mtu yeyote kijiweni na atakuuliza nani amekuingiza kwenye upatu. Utakosa jibu la kumridhisha, maana dalili zote za upatu zipo: unatoa kidogo, unaahidiwa kingi, fedha yako leo inalipa wazee wa leo, na ya kwako italipwa na vijana ambao baadhi yao bado hawajazaliwa. Tofauti ni kwamba upatu huu una bendera na jeshi.

Usijaribu kuchagua daraja kwa kupenda. Lile la bei nafuu liliwekwa kwa ajili ya anayefanya kazi huko aliko nje, na aliyekuwa kazini Uingereza kabla ya kuondoka. Uliyerudi ukakosa kazi, au unayemuuguza mama yako nyumbani, lako ni Daraja la 3. Mwenye mshahara kapewa punguzo; asiye na mshahara kapewa bei kamili. Usiulize sababu, utachelewesha foleni.

Hatua ya 3: Chelewa, lakini kwa ratiba yao

Kwa kawaida unaruhusiwa kurudi nyuma miaka sita tu. Na mwaka wenyewe usiudhanie kuwa ule wa Januari. Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza 6 Aprili, na wenyewe watakueleza kwa uso mkavu kwamba ni kwa sababu mwaka 1752 walibadili kalenda: wakalala 2 Septemba, wakaamka 14 Septemba. Siku 11 zikapotea, mkusanya kodi akakataa kuzipoteza.

Kuhusu tarehe za mwisho, hapa Mswahili anaruhusiwa kutabasamu kidogo. Kulikuwa na nafasi maalumu ya kununua mapengo ya tangu mwaka 2006. Mwisho ulitangazwa kuwa 5 Aprili 2023. Watu wakapiga simu kwa wingi, laini zikaelemewa, mwisho ukasogezwa hadi 31 Julai 2023. Laini hazikupumua, mwisho ukasogezwa tena hadi 5 Aprili 2025. Kisha ukaja mwisho wa kweli, na waliokuwa wamezoea kusogezewa wakabaki nje ya mlango.

Ukishazoea mchezo, sheria hubadilika. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia 6 Aprili 2026 Daraja la 2 halitauzwa tena kwa kipindi cha kuishi nje. Linabaki la 3 peke yake. Na kwa miaka ya kuanzia hapo, aliye nje atatakiwa kwanza awe ameishi Uingereza au kuchangia kwa miaka 10, badala ya mitatu ya zamani. Msome upya yule bwana wa miaka tisa hapo juu. Aliyekuwa anahitaji mwaka wa kumi kuliko mtu yeyote sasa anaambiwa alete kumi ndipo auziwe wa kumi na moja. Kama una pengo la kabla ya hapo ambalo bado limo ndani ya miaka sita, funga mwongozo huu ukajaze fomu, utamalizia kusoma baadaye.

Hatua ya 4: Jaza fomu

Fomu inaitwa CF83. Itakuuliza mwajiri wako wa mwisho alikuwa nani na anwani yake ilikuwa ipi. Mwajiri wako alikuwa wakala mwenye ofisi juu ya duka la kuku wa kukaanga, na hata duka la kuku limekwisha kuhama. Andika unachokumbuka, na kama ulitunza P60, ile karatasi ya kila mwaka inayoonyesha ulicholipwa na ulichokatwa, ibusu mara mbili.

Kisha utafika kwenye anwani yako ya sasa. Wanataka namba ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta. Wewe unaishi nyuma ya msikiti, nyumba ya bati jekundu, uliza kwa mjumbe. Usiandike hivyo. Andika S.L.P. ya shule anakofundisha shemeji yako, halafu uanze kuishi kwa adabu na shemeji yako kuanzia leo.

Barua yako nayo inakwenda BX9 1AN. Ukiitafuta kwenye ramani ya Uingereza hutaiona, kwa sababu misimbo ya BX haifungwi na mji wala kijiji chochote. Kwa hiyo mtu asiye na anwani anaiandikia ofisi isiyo na mahali, na majibu huhesabiwa kwa miezi. Anayesubiri huku akiona 5 Aprili inakaribia huota mvi za ziada, na mvi hazimo katika orodha ya madai.

Hatua ya 5: Uliza ofisi mbili, maana moja haijui

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kwa hiyo kejeli ipumzike kidogo. Anayepokea fedha yako ni mamlaka ya kodi, HMRC. Atakayekulipa pensheni ni idara nyingine, ya kazi na pensheni, DWP. HMRC itapokea pauni 923 zako bila kinyongo hata kama mwaka huo hautakuongezea senti. Hilo hutokea: yupo aliyekwisha kufika kiwango cha juu, na yupo ambaye kabla ya 2016 sehemu ya michango yake ilielekezwa kwenye mfuko wa mwajiri, hivyo kwake si kila mwaka wa zamani una faida. Anayejua ni kituo cha DWP kinachotoa makadirio ya pensheni. Kiulize hicho kabla ya kulipa: mwaka upi, utaniongezea kiasi gani kwa wiki. Andika jibu na tarehe uliyopewa.

Sasa kejeli irudi kazini. Unaweza kuangalia mtandaoni, mradi uthibitishe kwamba wewe ni wewe, jambo ambalo ni jepesi kwa aliye Uingereza na laini ya simu ya Uingereza, yaani yule asiyehitaji mwongozo huu. Wewe utapiga simu. Nunua salio la kutosha. Utasikia muziki, kisha sauti ya mwanamke mstaarabu ikikushauri utembelee tovuti, kisha muziki. Salio litakwisha pale binadamu anapopokea.

Hatua ya 6: Lipa

Umepata kibali. Ndani yake kuna namba ya kumbukumbu. Inakili kama unavyonakili jina la Mungu. Fedha isiyo na namba hiyo itafika Uingereza salama na kuanza maisha mapya bila wewe.

Nenda benki na kitambulisho. Karani atauliza madhumuni ya malipo. Jibu la kweli, “Nanunua mwaka 2021,” litakupeleka ofisi ya meneja. Sema “mchango wa pensheni”. Halafu sisitiza kwamba gharama zote za kutuma ukatwe wewe huku. Benki za njiani zikimega pauni 15, mwaka wako utafika na wiki pungufu, na mwaka wenye wiki pungufu hauhesabiwi kabisa.

Hatua ya 7: Chagua pa kuzeekea

Pensheni ya Uingereza huongezwa kila Aprili kwa anayeishi Uingereza. Huongezwa pia kwa anayeishi nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Ufilipino, Jamaika au Mauritius. Kwa anayeishi Tanzania, Kenya, Uganda au Oman, inagandishwa: kiasi unachoanza nacho ndicho utakachozikwa nacho. Kanada imo katika walioganda, ingawa Marekani haimo, hivyo Mswahili wa Buffalo anaongezewa na binamu yake wa Toronto, ng’ambo ya maji, anaganda.

Usifikiri umeonewa peke yako. Annette Carson alihamia Afrika Kusini mwaka 1989, akaendelea kulipa michango ya hiari hadi 1999, mwenyewe kwa mkono wake, kama unavyotaka kufanya wewe. Mwaka 2000 akaanza kupata pauni 67.50 kwa wiki, zikabaki kuwa pauni 67.50. Akashtaki. Akashindwa mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza mwaka 2005, akashindwa tena Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2010. Alielezwa kwamba kulipa michango peke yake hakumfanyi awe sawa na mstaafu anayeishi Uingereza. Michango ilikuwa sawa na ya wenzake. Kilichotofautiana ni kivuli alichokaa.

Kwa hiyo lipa, lakini usimpe mjukuu ahadi ya ada ya mwaka 2045 kwa kutegemea pauni za leo.

Hatua ya 8: Ishi, na uthibitishe

Ukifika umri, ambao ni 66 na unapanda polepole kwenda 67, pensheni haiji yenyewe. Unaidai. Ukishaanza kulipwa, siku moja itakuja fomu ya kuuliza kama bado uko hai. Huku kwetu tunaita uhakiki, na wastaafu wanaujua: unapanga foleni tangu alfajiri, mwenye nguvu ya kusimama anahesabiwa yu hai. Wao wanataka saini ya shahidi asiye ndugu yako, na irudi ndani ya wiki 16. Ikichelewa, malipo yanaweza kusimamishwa, na utajikuta umekufa kwenye makaratasi ya Uingereza ukiwa unakula pweza Tanga.

Waambie wanao mapema kwamba miaka hii uliyoinunua hairithiwi. Ukiondoka, nayo inaondoka. Ndiyo maana ushauri wote wa fedha ulio katika mwongozo huu unaishia kwa daktari wa presha: mwaka wa Daraja la 3 unakutaka uishi karibu miaka mitatu baada ya kustaafu ili ujilipe, na kila wiki inayofuata ni faida tupu. Tembea asubuhi. Meza dawa kwa wakati. Punguza chumvi.