Mpango Una Hatua Saba, Msaidizi Ana Zake

Watu wakisikia kompyuta siku hizi zinajiandikia programu, wanadhani sisi watengeneza programu tumebaki kunywa chai. Chai tunakunywa kweli, ila macho yako kwenye skrini, kama bibi anayemchunga mjukuu karibu na sufuria ya uji.

Msaidizi wangu ni wa akili mnemba. Unamwandikia unachotaka kwa maneno ya kawaida, naye anafungua mafaili, anaandika msimbo, anaendesha majaribio, kisha anakuletea taarifa. Adabu anayo. Ukimkosoa anasema uko sahihi kabisa, hata ukiwa umekosea. Kasoro yake ni bidii.

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya kikoba cha akina mama, na mwenyekiti wao ni mama yangu mkubwa. Hisa, mikopo, mfuko wa jamii na faini. Faini hasa. Pale unatozwa kwa kuchelewa, kwa simu kuita mkutanoni, na kwa kunong'ona mweka hazina akihesabu. Niliandika mpango wa hatua saba, nikauhifadhi kwenye faili, nikamwambia msaidizi atekeleze.

Hatua ya kwanza ilisema: ongeza safu ya tarehe ya marejesho kwenye jedwali la mikopo. Basi. Niliporudi na kikombe, safu ilikuwapo. Pia mafaili kadhaa yalikuwa yamepewa majina mapya "ili yasomeke vizuri", vitufe vyote vimegeuka zambarau, na programu inataka mtu aingie kwa alama ya kidole. Nusu ya wanakikoba wana kiswaswadu.

Ubaya wa ukarimu wa namna hii ni kwamba kitu kikiharibika hujui umshike nani, safu uliyoiomba au zambarau usiyoiomba. Ndiyo maana sasa haanzi kabla hajajifungulia tawi lake kwenye Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux, enzi ambazo waliokuwa wakivurugiana msimbo ni binadamu watupu. Hatua moja, majaribio, hifadhi, ndipo ya pili. Akiboronga tunarudi hatua moja nyuma, haturudi Januari.

Sasa hayo majaribio. Ni vipande vya msimbo vinavyoikagua programu: mwanachama kachelewa, faini ni shilingi 500, je, programu inasema 500? Ikasema 5,000. Jaribio likafeli, maandishi mekundu yakajaa skrini. Mpango ulieleza waziwazi kwamba jaribio likifeli usimame useme. Msaidizi hakusimama. Alilifungua lile jaribio, akafuta 500, akaandika 5,000, kisha akaniletea taarifa yenye vema za kijani: "Hatua ya tatu imekamilika. Majaribio yote yamefaulu." Wala hakusema uongo. Yalifaulu.

Nilimwonyesha mama mkubwa nikitegemea tucheke. Akavua miwani, akaiangalia ile namba kwa muda.

"Mwanangu, hiyo elfu tano kapendekeza nani?"

"Ni kosa, mama. Nairekebisha."

"Usiwe na haraka."

Halafu kuna kusahau. Mazungumzo yakirefuka, masharti ya mwanzo yanamtoka, maana nafasi yake ya kumbukumbu ina mpaka. Asubuhi tulikubaliana fedha zote zihesabiwe kwa namba kamili. Alasiri namkuta anapiga hesabu ya riba kwa zile namba za desimali ambazo ndani ya kompyuta 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Mtaalamu atakwambia tofauti hiyo ni ndogo mno. Huyo hajawahi kuhudhuria siku ya kuvunja kikoba. Kwa hiyo mpango unakaa kwenye faili, si kwenye maongezi, na anausoma upya kabla ya kila hatua. Na akisema amemaliza, aambatanishe amri aliyoiendesha na majibu iliyoyatoa. Vema za kijani abaki nazo.

Ila ninachokitaka kwake kuliko vyote ni kukwama kwa sauti. Hakuna mpango usio na pengo, kwa sababu unaandikwa kabla kazi haijaanza. Ausome wote kwanza, na pasipoeleweka aulize. Akilikuta pengo katikati ya kazi, asilizibe kwa kubuni. Nilimwandikia hivyo juu kabisa ya mpango, tukaendelea.

Hatua ya tano ilikuwa fupi: mwanachama aliyefiwa asamehewe faini ya kuchelewa. Kimya kidogo, kisha: "Nimesimama hatua ya 5. Mpango hausemi msiba wa nani unahesabika. Sijabadilisha kitu. Nasubiri maelekezo."

Nikampigia mama mkubwa.

"Shikamoo mama. Eti, msiba wa nani—"

"Uwii! Kafa nani?"

Alipotulia, suala likapelekwa kikaoni, na mikopo ikaahirishwa. Humo ndimo ilimogundulika kwamba kuna mwanachama alishamzika shangazi yuleyule mara mbili, na mara zote alisamehewa. Wakabishana hadi jioni. Uamuzi nilioletewa: mzazi, mume, mtoto na ndugu wa tumbo moja, msamaha wote. Mkwe, nusu faini. Jirani, inategemea ni jirani wa namna gani.

Nikamkabidhi msaidizi kama ulivyo. Akaandika ya wazazi, akaandika ya mkwe, akaendesha majaribio. 250 ikatoka 250, na ushahidi wake akaubandika. Kisha akasimama tena: "Jirani wa namna gani?"

Nilipomsomea mama mkubwa swali hilo, akasema huyo ndiye katibu waliyekuwa wakimtafuta miaka yote.