Katika Kumsifu Tarishi Afunguaye Barua

Miongoni mwa watumishi waliodhulumiwa na kalamu za wasomi kwa kutotungiwa sifa, hakuna anayestahili kufidiwa mapema kuliko barua pepe ya bure, yaani ile huduma ya kuandikiana kwa intaneti ambayo mtumiaji haitolei hata senti, kwa kuwa gharama zake hubebwa na wafanyabiashara wanaonunua matangazo lengwa, nayo ni matangazo yanayochaguliwa kumfuata mtu mmoja mmoja kulingana na yale yanayojulikana kumhusu, badala ya kubandikwa ukutani kila mpita njia ayaone. Watu hulalamika kwamba tarishi huyu hufungua bahasha na kuyasoma yaliyomo kabla ya kuifikisha. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa sehemu kubwa ya historia yake, na ndimo hasa fadhila yake ilimo.

Ili fadhila hiyo ieleweke, yafaa kukumbuka jinsi Machakos, mji wa Kenya, ilivyotendewa na wale waliodai kuiunganisha na dunia. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake hapo mwaka 1889, pakawa makao ya mwanzo ya utawala wa Kiingereza katika bara, mbali na pwani. Lakini reli ya kutoka Mombasa ilipowadia ikapita pembeni, katika mbuga za Athi, na kufikia mwaka 1899 shughuli zikaanza kuhamia Nairobi, mahali palipokuwa na kinamasi zaidi ya watu. Barua nazo zikafuata desturi hiyohiyo ya kutomfuata mtu alipo. Aliyetarajia barua alikwenda posta mjini, au aliazima sanduku la shule ya msingi au la kanisa, na barua ya kijana aliyekuwa akifanya kazi Mombasa ikapitia mikononi mwa mwalimu mkuu, ikafika kwa bibi, ikasomwa kwa sauti na mjukuu wa darasa la sita mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi na ambaye, baada ya kusikia salamu za mwanzo, hakuona tena haja ya kuondoka. Wanaomshtaki tarishi mpya kwa kuvunja siri ya barua wanasahau kwamba huko Mwala na Kathiani, sehemu za Machakos, siri hiyo ilikuwa bado haijaumbwa. Alichofanya yeye ni kumstaafisha mjukuu na kuweka mahali pake mashine isiyocheka inapofika penye mambo ya mapenzi.

Kampuni ya Google ilipoitangaza barua pepe yake ya bure, Gmail, tarehe 1 Aprili 2004, wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga, kwa kuwa iliahidi kila mtu gigabaiti 1 ya kuhifadhia barua wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4, na gigabaiti moja ni kama megabaiti elfu moja. Nafasi haikuwa mzaha, na kodi yake pia haikuwa mzaha: programu ilipitia maneno ya kila barua, ikayalinganisha na maneno ambayo wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuyapandia bei, kisha ikaweka tangazo kando ya barua hiyo. Mnada huu, maana ni mnada hasa, huendeshwa bila dalali wala kengele kwa muda usiofika kufumba na kufumbua, na kinachouzwa si barua yenyewe bali macho ya anayeisoma. Tofauti hiyo watetezi wa biashara hii huipenda mno, na mchuuzi yeyote wa soko la Marikiti angeielewa bila kufundishwa, kwani hata yeye hanunui wapita njia, ila anajua kwamba kodi ya meza hupanda pale wanapopita wengi.

Mwezi huohuo wa Aprili 2004 mashirika 31 ya kutetea faragha na haki za raia yaliiandikia kampuni yakiitaka iisimamishe huduma hiyo, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mtu asiye na akaunti, ambaye hakuridhia lolote, naye husomwa pindi anapomwandikia mwenye akaunti. Hoja hiyo ni ya watu wasioujua ukarimu. Katika Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Machakos imo, mgeni akibisha hodi huvutiwa kiti bila kuulizwa kama alikiomba, na tarishi alifanya vivyo hivyo, isipokuwa kwamba kiti chake kilikuwa mizani.

Mahali anapowapita watumishi wengine wote ni kwenye utabiri. Wakamba humkumbuka nabii wa kike Syokimau, ambaye inasimuliwa kuwa alimwona nyoka mrefu wa chuma akiikata nchi kabla reli haijawako, na jina lake leo limo kwenye stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 2012 ndani ya Kaunti ya Machakos. Utabiri wake ulikuwa mkubwa, lakini haukumfaa mwenye duka, kwa sababu hakusema ni nani atakayetaka tangi la maji mvua za Oktoba zikichelewa. Algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata ili ifikie jibu, haina habari na nyoka wa chuma. Yake ni kujua kwamba aliyemwandikia shangazi kuhusu karo mwezi wa Januari ni mtu wa kuonyeshwa mkopo wa haraka wa simu, na kwamba aliyeuliza juu ya sukari mwilini yuko tayari kutembelewa na matangazo ya chai za mitishamba, hata kama hajapata ujasiri wa kumwambia mkewe.

Wenye ndimi kali huufananisha uangalizi huu na ule wa mnunuzi wa mbuzi siku ya soko, ambaye hupitisha kiganja mgongoni, akabonyeza kiunoni kutafuta mafuta, akafunua mdomo wa chini kuyatazama meno, yote kwa upole ambao mbuzi hakuwahi kuupata kwa mwenyewe. Mfano huo hutolewa kama tusi, ilhali ni sifa tupu. Mwananchi wa Masii, huko Machakos, akiiandikia ofisi ya umma husubiri miezi bila jibu, lakini tarishi, ambaye hakuandikiwa, amekwisha kumsoma.

Ulikuwa msiba, basi, tarehe 23 Juni 2017, Google ilipotangaza kwamba itaacha kuzipitia barua za Gmail kwa ajili ya matangazo. Msiba huo ulipoa upesi. Matangazo yenyewe hayakuondoka, kwani yale ambayo mtu huyatafuta mtandaoni, pamoja na vidakuzi, ambavyo ni vijifaili vinavyoachwa na tovuti kwenye kompyuta ya mtu ili imtambue akirudi, yalikuwa yakitosha. Tarishi hakuwa tena na haja ya kuifungua bahasha, maana alikuwa amemwona mwandishi tangu alipotoka kwenda dukani kununua karatasi. Tena kazi haikukosa mrithi: mwaka 2018 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba wenye Yahoo walikuwa wangali wakizichambua barua za wateja kwa manufaa ya watangazaji. Ni Yahoo hiyohiyo iliyokiri mwaka 2017 kwamba uvamizi wa mwaka 2013 ulizigusa akaunti zake zote bilioni 3, jambo linaloonyesha jinsi ambavyo hata wezi walithamini alichokihifadhi tarishi.

Sheria za Kenya nazo zimempa heshima yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhakikishia kila mtu kwamba faragha ya mawasiliano yake haitaingiliwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa saini tarehe 8 Novemba 2019, inataka mtu aridhie kabla data yake haijatumiwa kibiashara, nayo ridhaa hupatikana kwa kubonyeza kitufe chini ya waraka mrefu ambao anayebonyeza hajausoma. Faini ya juu ambayo Kamishna wa Data anaweza kuitoza kampuni ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, na hapo hutozwa kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mwezi Septemba 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitundika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mwaka huohuo kampuni mama ya Google iliingiza zaidi ya dola bilioni 237 kwa matangazo peke yake, na mwenye kupiga hesabu ataona kwamba shilingi milioni 5 zilipatikana kila baada ya sekunde 5 hivi, muda wa kupiga chafya mbili na kuombewa afya. Mgahawa ulihitaji kuchoma nyama kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, haki inadai ikubalike kwamba mjini Machakos tarishi ana mshindani, naye ni kijana wa saiba, yaani kile chumba cha kompyuta na mashine ya kuchapia ambamo wananchi hufanyiwa mambo ya serikali mtandaoni. Mzee anayetaka PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, huambiwa kwamba hawezi kuipata bila barua pepe; basi kijana humtungia anwani kwa kuunganisha majina yake mawili na mwaka wa kuzaliwa, humchagulia neno la siri ambalo kwa kawaida ni jina la mji likifuatwa na tarakimu, na kwa kuwa mzee hana miwani, huliandika kwenye daftari la kurasa mia lililo kando ya kibodi, chini ya majina ya wenzake waliotangulia, kila mmoja na neno lake, kwa wino wa buluu. Mzee hulipa, huondoka na karatasi yake ya PIN, na anwani haikumbuki tena. Lakini sanduku limezaliwa na linaendelea kujaa: vikumbusho vya kuwasilisha ripoti ya kodi, pongezi za siku ya kuzaliwa kutoka kampuni asizozijua, na barua taka, yaani zile zinazotumwa kwa maelfu bila kuombwa, ambazo mashine huzisoma moja moja ili izitenge na nyingine. Mwenye sanduku hajawahi kulifungua, na kijana wa saiba ana foleni. Anayelisoma kila siku, mchana na usiku, bila kuomba chai, ni tarishi peke yake.

Msomaji atakayeguswa na uaminifu huo asihangaike kutafuta pa kupeleka shukrani zake: na amwandikie jirani yeyote, tarishi ataziona njiani.