Sifa za Sanduku la Magurudumu

Washairi wetu wamesifu jahazi, karafuu na macho ya mahabubu. Sanduku la magurudumu wamelisahau. Kazi hiyo naichukua mimi, mpangaji wa Mkunazini, Unguja, nisiyepata usingizi tangu nyumba ya pili igeuzwe ya wageni.

Sanduku huamsha watu kabla ya mwadhini. Hutimua panya. Lakini hayo si kitu mbele ya elimu yake ya kuthamini nyumba. Mthamini wa serikali husoma miaka, kisha aje na futi na fomu. Sanduku hupita kichochoroni mara moja, krrr-krrr-krrr, na kodi ya mtaa mzima imeshajulikana. La magurudumu mawili, lililofungwa kamba, ni chumba cha chini chenye feni. La manne, gumu, linalong'aa, ni ghorofa ya juu yenye kibaraza cha kutazamia bahari. Yakifuatana matatu, hiyo ni familia, na mwenye nyumba wangu aliyeketi barazani huweka chini kikombe cha kahawa asije akapoteza hesabu. Akimaliza kuhesabu kwa jirani, huinua macho akaangalia dirisha langu.

Mwaka 2024 watalii waliokuja Zanzibar walipita laki saba. Habari hizo zilinifika ngazini, kwa kinywa cha mwenye nyumba: "Mwanangu, mie sikufukuzi. Ila unacholipa wewe mwezi, mgeni analipa siku mbili." Siku mbili! Chumba chenyewe kinavuja, mlango wa choo haufungi tangu masika! Na serikali ilipopiga marufuku bei za dola mwaka 2025, alitii papo hapo: akaiandika kodi kwa shilingi, akaipigia hesabu kwa dola ya asubuhi ile.

Sanduku silitii hatiani, halijui linakokokotwa. Wapo wanaojua. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ulinzi wake si mchezo: kung'oa dirisha kunataka kibali. Kuhamisha watu wa mtaa, nyumba baada ya nyumba, hakutaki hata muhuri. Wakubwa huwavisha wageni mashada uwanja wa ndege. Fuoni, wanakoishia waliotolewa, sijaona shada. Mlango wa jirani yangu, wenye njumu za shaba, umehifadhiwa vizuri kweli. Mwenyewe hushuka daladala Darajani kila asubuhi kuja kuupaka mafuta, kwa mshahara.