Maharage Hayasubiri Mtandao

Wataalamu wa semina wanasema mimi nimejumuishwa. Zamani sikuhesabika, maana sikuwa na akaunti benki. Sasa nina laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, basi nimo ndani ya huduma jumuishi za fedha. Sibishi. Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka uliofuata, hela ya kijijini tulimkabidhi kondakta wa basi kwenye bahasha, kisha tukabaki na dua. Malalamiko yangu ni madogo tu: kila nikijumuishwa, nakatwa.

Tuma elfu kumi bila ya kutolea uone. Shangazi atakubipu, umpigie kwa salio lako, akuulize umemchukia lini. Mwaka 2021 Serikali nayo ikaja na tozo juu ya makato, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Tukapiga kelele, ikapunguzwa. Shangazi hakupunguza chochote.

Sasa tumeletewa mazingira. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naunga mkono kwa macho yangu mawili, yaliyokwisha kuwa mekundu kwa moshi. Kinachomshinda mtu wa kipato changu ni kutoa hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Wajanja wakabuni mtungi wenye mita: unalipia kwa simu kidogo kidogo, hata jero, unapika kwa kadiri ya mfuko wako. Hapo nawavulia kofia kweli.

Ila maharage hawakuyashirikisha. Juzi yamechemka, ndiyo kwanza yanaanza kulainika, mita ikasoma sifuri na gesi ikajifunga. "Baba, lipia gesi!" Nikatoka na buku mbili mkononi. Wakala wa kwanza: "Floti imeisha, kaka." Wa pili: "Mtandao unasumbua, subiria." Nikiwa nasubiria, ujumbe ukaingia: ile hela itume kwenye namba hii. Tapeli naye ananihesabu miongoni mwa waliojumuishwa! Wa tatu akaniwekea, na kabla sijashukuru, ule mkopo wa simu niliokopa mwisho wa mwezi ukajilipa wenyewe. Kilichobaki nikakilipia gesi. Jibu: muamala wako unashughulikiwa.

Nyumbani nikakuta mke wangu keshavuta jiko la mkaa, maharage yanaendelea na safari. Mkaa katoa wapi? Kwa mama wa kibandani, penseli nyuma ya kitenge, daftari la madeni chini ya mizani. "Chukua kopo hilo wifi, utanipa kesho." Hajaomba namba ya siri, hajakata hata senti, wala hajawahi kuishiwa floti. Anakopesha mtaa mzima, na wanaolipa ni wengi kuliko wanaomkwepa, kwa sababu wote tunapita mbele ya kibanda chake kwenda kisimani.

Gunia lake limetoka misitu ya Pwani au Morogoro, na miti ile haina daftari la kumdai mtu. Hilo nalijua, na mama wa mkaa analijua. Lakini usiku huo katika mashindano ya gesi na mkaa, aliyeshindwa na mkaa ni muamala. Gesi yenyewe haina kosa.

Basi wakubwa wa fedha na wakubwa wa misitu, kaeni meza moja. Anayelipia gesi ya jero asikatwe kitu. Mkopo wa simu usiguse hela ya jikoni. Na nyie wenye mitungi ya mita, mita ikifika sifuri tuachieni nusu saa ya kukopa. Maharage yaive kwanza, mtatudai kesho.