Namna ya Kutafuta Kazi Kampala Kabla Bahasha za Kaki Hazijakumaliza

Kwanza, acha kuchapa CV. Barabara ya Nasser haitafilisika kwa kukukosa. Wachapaji wake wana kadi za harusi, vitabu vya risiti na mabango ya wagombea wa kutosha. Isome tena ile uliyo nayo. Imeandikwa kwamba unapenda kusoma, kusafiri na kuogelea. Kuogelea wapi? Futa, na mahali pake andika jambo ambalo watu hukuita ulifanye hata bila malipo: kutengeneza redio ya jirani, kuweka sawa hesabu za kikundi cha akiba, kusuluhisha wapangaji wanaogombania bili ya maji. Mwelekeo wako umejificha humo.

Kisha shuka Katwe asubuhi, bila bahasha. Simama karibu na fundi anayeunda geti, ila si karibu sana, maana cheche haziheshimu shati la usaili. Mtazame anavyopima bomba, anavyotia alama kwa chaki, anavyoshikiza kila pembe kwa lehemu kidogo tu. Halafu anapima fremu kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana fremu imekwenda upande, naye ataigonga mpaka inyooke kabla ya kuichomelea kabisa. Ukijikuta umesahau njaa, andika. Ukianza kuchezea simu, andika pia. Hiyo nayo ni habari.

Akipumzika, mwambie, "Ssebo, naomba kukuuliza." Nani alikufundisha? Wateja hulipa lini? Kitu gani kinakuchosha kuliko vyote? Shikilia hilo la mwisho. Kila kazi ina uchovu wake, na naamini kabisa kwamba inayokufaa ni ile ambayo uchovu wake unauweza. Wahitimu wengi huulizia mshahara tu, halafu uchovu wanakutana nao wakiwa wameshaajiriwa. Wafuate hivyo hivyo wauza vipuri wa Kisekka, mkaanga rolex (chapati ya mayai) wa Wandegeya, muuguzi, karani wa mahakama.

Baba mdogo atauliza mtu mwenye shahada anatafuta nini Katwe. Alikulipia ada, ana haki ya kujibiwa kwa adabu. Mwambie Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake 14 wa mwanzo walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Atanyamaza kidogo. Hapo hapo mwombe nauli ya kesho.

Nauli hiyo usimpe mtu anayetaka "pesa ya kufungua faili". Na wakala akikuahidi kazi Dubai au Saudia, ulizia leseni yake Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kabla hujamkabidhi pasipoti.

Tena, ikiwa umesoma hadi hapa bila kamusi, una mtaji ambao wenzako wengi mjini hawana. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watatoka wapi? Nenda shule ya jirani, mwone mwalimu mkuu, omba kufundisha kipindi kimoja mwalimu wa darasa akiwepo. Ngeli ya KI-VI inatosha kwa kuanzia. Ukimaliza, muulize mwalimu huyo maswali yale yale uliyomuuliza fundi.