Mwongozo Hauungui

Tatizo si karatasi. Shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliungua bwenini mwaka 2001, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Serikali ikatafakari, na mwaka 2008 ukatoka mwongozo wa usalama shuleni: mita 1.2 kati ya vitanda, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Mwaka 2024, shule ya Endarasha, Nyeri, watoto 21 nao wakaungua bwenini. Wakubwa wakaja na pole na agizo la ukaguzi. Posho ya kukagua vyuma haikosi fungu. Ya kuvitoa, bajeti imebana. Mtungi wa kuzimia moto nao umetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, usije ukaibwa. Waheshimiwa, fundi wa kuchomelea anamaliza dirisha kabla chai ya kikao chenu haijapoa. Mlipeni.