Barua kwa Waziri Kuhusu Miche Yangu Miwili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira,
Nairobi.

KUH: KIFO CHA MICHE MIWILI ILIYOPANDWA KWA WITO WA SERIKALI

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Ukambani, kwenye vumbi. Natoa taarifa ya msiba. Miche miwili niliyoipanda tarehe 13 Novemba 2023, siku ambayo Serikali ilitangaza mapumziko ya kitaifa ili Wakenya wote tushike majembe, imefariki. Mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani kabla ya wiki kwisha. Mbuzi huyo hasomi Gazeti Rasmi. Wa pili ulijikaza kisabuni hadi Januari, jua likaumaliza.

Usiniwazie vibaya. Siku yenyewe ilifana. Mvua ya El Niño ilikuwa imelainisha ardhi, na miche ilitolewa bure. Kiongozi mmoja wa huku kwetu alifika na gambuti mpya kabisa. Alishikiwa mwavuli, akashikiwa jembe, akashikiwa na mche. Kazi iliyobaki ikawa yake mwenyewe, nayo ni kushikilia tabasamu hadi mpiga picha aseme basi. Shimo alilikuta limechimbwa. Maji alimwaga kikombe kimoja, na kwa kadiri nijuavyo, hicho ndicho kikombe cha mwisho ambacho mche ule ulipewa na dola.

Siku ile tuliambiwa lengo ni miti milioni 100, na kwamba kufikia mwaka 2032 tutakuwa na bilioni 15. Nimeazima kikokotoo cha binti yangu. Ili kufika huko tunahitaji siku 150 kama ile. Ukizigawa kwa miaka tisa iliyokuwa imebaki, ni likizo 16 au 17 kila mwaka, na hapo tumekubaliana kwamba hakuna mche hata mmoja utakaokauka wala mbuzi atakayeona njaa. Tarehe 10 Mei 2024 tulipewa mapumziko mengine ya kupanda miti. Ilikuwa pia siku ya kuwaomboleza waliouawa na mafuriko, kwa hivyo sitaitania. Nasema tu kwamba zimebaki 148.

Mheshimiwa, si kwamba nchi hii haijui namna ya kuhesabu miti. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na akina mama wa vijijini waliotunza miche walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Rudia kusoma hapo: uliopona. Hawakulipwa kwa shimo, wala kwa picha. Kwa hivyo mama alikuwa na sababu ya kuzungushia mche wake miiba, kuupalilia, na kuugawia maji ya kuoshea vyombo wakati wa kiangazi. Mpango wote ulikuwa ndani ya neno hilo moja. Halikuhitaji mpiga picha.

Kuna jambo jingine linalonitatiza, labda kwa sababu ya uzee. Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, zikawa zaidi ya miaka mitano. Julai 2023 marufuku yakaondolewa. Chama cha Mawakili kikakimbilia mahakamani kupinga hatua hiyo. Miezi minne baada ya marufuku kuondolewa, tukaitwa kupanda. Mgala muue na haki yake mpe: miti iliyokomaa ya mashamba ya Serikali ilipandwa ivunwe, na wenye viwanda vya mbao nao wana watoto wa kulisha. Lakini mti wa kuvunwa huwa na umri wa miaka mingi, na wangu ulikuwa haujamaliza wiki ardhini ulipokutana na mbuzi. Anayeviweka viwili hivyo kwenye mizani moja, msumeno upande huu na kikombe cha maji upande ule, namwonea wivu kwa imani yake.

Basi nina maombi. Kwanza, tangaza Siku ya Kitaifa ya Kumwagilia, iwe Februari, jua likiwa utosini, na viongozi warudi kwenye mashimo yaleyale wakiwa na ndoo. Mwavuli waje nao, sina neno. Pili, tangaza Siku ya Kuhesabu Iliyokufa. Najua hii haitapata wapiga picha, maana kijiti kikavu hakipendezi gazetini. Tatu, na hili nalisema bila mzaha, chapisha kila mwaka, kaunti kwa kaunti, idadi ya miche iliyo hai ikiwa na miaka mitatu. Ukurasa mmoja watosha. Vyama vya jamii vinavyotunza misitu vipo na sheria inavitambua. Vilipe kwa mche unaosimama, na vitakuhesabia bila likizo.

Mwisho, naomba jibu kwa maandishi kwa swali hili dogo: katika ile milioni 100, miche yangu miwili bado imo, au imeondolewa?

Wako mtiifu,
Mpandaji wa siku moja